Imani Iliyorejewa na Msingi wa Wema: Ushairi wa W. H. Auden

Wystan Hugh Auden alizaliwa mjini York, Uingereza, tarehe 21 Februari 1907. Babu zake wote wawili walikuwa makasisi wa Kanisa la Uingereza. Baba yake alikuwa tabibu, na mama yake mwanamke wa ibada nyingi. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo huijua sala kabla hajaijua maana yake. Hata hivyo, kabla Auden hajatimia miaka kumi na sita, imani ilimwondoka pasipo mapambano makubwa, naye akakaa bila hiyo katika miaka yote ambayo jina lake lilikuwa likipanda. Mnamo Oktoba 1940, akiwa New York na mwenye umri wa miaka 33, alirudi kwenye Meza ya Bwana, wala hakuiacha tena hata alipofariki Vienna mnamo Septemba 1973.

Habari za mtu kuiacha dini ya wazazi wake na kuirudia si ngeni, na nyingi katika hizo hazina faida kwa mwanafunzi wa fasihi. Habari ya Auden ina faida kwa sababu njia aliyorudia ilipita katikati ya tungo zake. Hakurudishwa na hofu ya kifo wala na faraja ya nyimbo za utotoni. Alirudishwa na swali moja la hukumu: mtu anaposema kwamba jambo fulani ni ovu, asema kwa idhini ya nani? Swali hilo alilielekeza kwa adui zake kwanza, kisha likamgeukia yeye mwenyewe na mashairi yake. Makala haya yanakusudia kufuata mwendo huo katika tungo tatu, na kupima kama jibu alilolipata latosha.

Auden mwenyewe aliyaeleza mambo haya katika insha aliyoitoa mwaka 1956. Humo ataja mambo matatu. La kwanza lilitokea Hispania mwaka 1937, alikokwenda kuunga mkono upande wa jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko Barcelona aliyakuta makanisa yamefungwa na makasisi hawaonekani, akashangaa kujiona ameguswa na jambo lile, ilhali kwa miaka mingi hakuwa ameingia kanisani kuabudu. La pili ni kukutana kwake, mwaka huo huo, na Charles Williams, mwandishi wa Kiingereza. Mbele ya mtu yule Auden alijihisi hana uwezo wa kusema wala kutenda jambo la hila, ingawa mazungumzo yao yalihusu vitabu tu. La tatu, na ndilo zito, ni Manazi. Uovu wao ulikuwa wa namna ambayo watu wa kizazi chake hawakujiandaa kuujibu. Watesaji wengi wa zamani walivunja amri ya kumpenda jirani huku wakidai kwamba wanaishika. Hawa waliikana waziwazi, wakasema kwamba ni udhaifu. Nao hawakuzuka katika nchi ya wajinga, bali katika nchi iliyosifika Ulaya nzima kwa elimu, muziki na falsafa.

Waandishi wa maisha yake wasimulia tukio moja la mwishoni mwa mwaka 1939. Auden alikwenda kwenye sinema katika mtaa wa Yorkville, New York, mahali palipokaa Wajerumani wengi, kutazama filamu ya ushindi wa majeshi ya Hitler huko Poland. Kila walipoonyeshwa watu wa Poland, baadhi ya watazamaji walipiga kelele wakitaka wauawe. Wale hawakuwa askari, wala Marekani haikuwa vitani siku zile; walikuwa watu wa kawaida waliokuja kujifurahisha jioni. Auden alitoka akiwa na hakika mbili: kwamba kelele zile ni ovu, na kwamba katika mawazo yote aliyokuwa akiyashika hakuna hata moja liwezalo kueleza kwa nini ni ovu.

Ili ugumu huo ueleweke, hapana budi kutazama misingi aliyokuwa ameitegemea hapo kabla. Wa kwanza ulikuwa historia. Shairi lake juu ya vita vya Hispania lilitolewa kama kijitabu mwaka 1937, na ndani yake wakati uliopita, uliopo na ujao unapangwa kana kwamba ni safu za jeshi moja. Jana ilikuwa ya wajenzi na wapelelezi wa nchi, kesho itakuwa ya starehe na mapenzi, na leo ni ya mapigano. Katika mpango huo mauaji yanatajwa kuwa jambo ambalo saa imelihitaji. George Orwell alilishambulia neno hilo mwaka 1940, akasema kwamba laweza kuandikwa tu na mtu ambaye mauaji kwake ni neno, hajayaona. Katika kitabu cha Auden cha mwaka huo huo maneno hayo yameonekana yamebadilishwa. Lakini kasoro iliyomsumbua zaidi mshairi mwenyewe ilikuwa mwishoni mwa shairi, pale historia inapowahurumia walioshindwa bila ya kuweza kuwasaidia wala kuwasamehe. Katika dibaji ya mkusanyo wake uliotoka mwaka 1966, Auden alisema kwamba maneno yale yaufanya wema na ushindi kuwa kitu kimoja, na kwamba kufundisha hivyo ni uovu.

Hukumu hiyo ni kali, lakini ni ya haki. Ikiwa historia ndiyo hakimu, basi mwenye nguvu ndiye mwenye haki, mradi nguvu zake zidumu. Mwaka 1937 kauli kama hiyo iliweza kusikika kama matumaini, kwa kuwa aliyeisema alitazamia upande wake ushinde. Mwishoni mwa 1939 upande wake ulikuwa umekwisha kushindwa Hispania, na Poland imekwisha kugawanywa. Wale waliopiga kelele katika sinema wangaliweza kuisema kauli ile ile kwa sababu iliyo bora zaidi kuliko yake.

Msingi wa pili ulikuwa mapenzi. Shairi liitwalo kwa tarehe ya kuanza kwa vita, yaani tarehe mosi Septemba 1939, lina beti tisa zenye mistari kumi na mmoja kila mmoja, na huenda ndilo linalojulikana kuliko mengine yote aliyoyatunga. Mshairi ameketi katika kilabu cha pombe mjini New York, anatazama uongo wa miaka kumi ukiishia katika vita, anachunguza mahali ulipotoka ugonjwa wa taifa zima, kisha karibu na mwisho anatamka kwamba wanadamu wasipopendana watakufa. Neno hilo limepokewa na wasomaji wengi kama hekima kuu. Auden hakuliamini kwa muda mrefu. Katika mkusanyo wa mwaka 1945 aliuondoa ubeti wote uliokuwa na mstari huo. Mwaka 1955 aliruhusu shairi lichapishwe kamili katika diwani moja ya Marekani, lakini akabadili neno dogo la kiunganishi, maana ikawa kwamba watu yawapasa kupendana, na kufa watakufa vivyo hivyo. Mwaka 1966 alilitupa shairi lote. Sababu yake ilikuwa kwamba maneno yale si kweli, kwa kuwa wapendanao na wasiopendana wote hufa.

Wahakiki wengi wameiona sababu hii kuwa ya kitoto, kana kwamba mshairi amejisahau na kuusoma mstari wake kama hati ya daktari. Hapa msomaji wa Kiswahili ana msaada ambao Mwingereza hana. Neno moja la Kiingereza alilolitumia Auden kuunganisha watu na kupendana lina maana mbili, na mfasiri wa Kiswahili halazimiki kwenda mbali kuzitenganisha, kwani lugha yake imekwisha kuzitenga. Aweza kusema kwamba watu hawana budi kupendana, kama mtu asivyokuwa na budi kunywa maji. Hiyo ni lazima ya maumbile, na asiyeitii hupata hasara yake mwenyewe. Au aweza kusema kwamba yawapasa kupendana. Huo ni wajibu, na asiyeutimiza ana hatia hata kama amefaidika. Shairi la 1939 lilijenga hoja yake juu ya maana ya kwanza, kisha likataka kupokea heshima ya maana ya pili. Linamwambia msomaji apende kwa kuwa asipopenda ataangamia, na lamfanya ajione amefundishwa wema, ilhali ameonyeshwa njia ya kujiokoa. Kilichomchukiza Auden baadaye kilikuwa udanganyifu huu zaidi kuliko kosa la elimu ya vifo, naye aliupata kwa sikio kabla ya kuupata kwa hoja.

Tofauti hiyo yatia swali jingine. Mtu asemapo "yanipasa", ni nini kinachompasa? Kiambishi kilichoko mwanzoni mwa neno hilo hakimtaji mtendaji. Asemapo "nawajibika", neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walilitumia kwa tendo ambalo Mwenyezi Mungu amemlazimisha mja wake. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anaweza kulitamka neno la wajibu bila ya kufikiri, na huku neno lenyewe linamkumbuka Mwenye kuamuru. Hali ya Auden mwaka 1939 ilikuwa hiyo hiyo katika lugha yake. Alikuwa na maneno yote ya hukumu aliyorithi kwa makasisi wale wawili, lakini alikuwa amemwondoa Yule aliyeyapa maneno hayo uzito. Katika mila ya utenzi wa pwani mtungaji huanza kwa kumtaja Mungu na kumhimidi kabla hajafungua kisa, na kila hukumu inayofuata katika mamia ya beti husimama juu ya beti zile za kwanza. Shairi la tarehe mosi Septemba laweza kusomwa kama utenzi uliopoteza dibaji yake: lahukumu kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka, lakini halimtaji aliyempa.

Yafaa kulinganisha na kazi iliyotungwa na mshairi wa Tanganyika juu ya vita vile vile. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, wasimulia vita vya 1939 hata 1945 katika beti zipatazo 3,000. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, na kwake swali la kwa nini udhalimu ni udhalimu halikuwa swali lililokosa mahali pa kusimama. Yeye hushughulika na lile lililotendwa, na namna mja apaswavyo kusimama mbele yake. Msomaji asije akadhani kwamba Auden ni mwanafikra zaidi kwa kuwa alisumbuka zaidi. Alisumbuka kwa kuwa alikuwa amepoteza kitu, na mwenye kupoteza ndiye atafutaye.

Jibu la Auden lilikua polepole katika mwaka 1940. Alimsoma Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, akasoma historia ya Kanisa aliyoiandika Charles Williams, akatunga waraka mrefu wa kishairi wenye mistari zaidi ya 1,700 ambao mwishoni mwake unageuka kuwa maombi. Hitimisho lake laweza kuelezwa kwa ufupi hivi: upendo kwa jirani ni amri, kwa kuwa ni amri, haukomei kwa wale wanaopendeza, wala haungojei moyo uwe tayari, wala haupimwi kwa ushindi. Na amri hutaka mwenye kuamuru.

Hoja hii ina pingamizi mbili ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba haja ya kitu haithibitishi kuwa kitu hicho kipo. Mwenye kiu jangwani ana haja ya kisima, lakini kiu yake haichimbi kisima. Kama Auden aliamini kwa sababu tu alihitaji fimbo ya kumpigia Hitler, basi imani yake ilikuwa silaha, na silaha hutupwa vita vikiisha. Ya pili ni kwamba mtu hahitaji msingi ili atende wema, na maisha ya Auden mwenyewe ndiyo ushahidi. Mwaka 1935, akiwa hana dini, alimwoa Erika Mann, binti wa mwandishi Thomas Mann, bila ya nia ya kuishi naye kama mume na mke, ili mwanamke huyo aliyekuwa akiandamwa na serikali ya Ujerumani apate uraia wa Uingereza. Tendo lile halikungoja hoja yoyote.

Pingamizi ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, na kwa bahati Auden ameacha maelezo yanayoijibu. Katika utangulizi aliouandika mwaka 1964 alisimulia usiku mmoja wa Juni 1933, alipokuwa mwalimu katika shule ya wavulana. Alikuwa ameketi nje kwenye majani pamoja na walimu wenzake watatu, ambao hakuwa na mapenzi ya pekee nao. Ghafula alijua maana ya kumpenda jirani kama nafsi yake; aliona thamani ya kila mmoja wao, na akaona kwamba wakati hali ile imemshika asingaliweza kumdhuru mtu kwa makusudi. Hali ile ilififia katika muda wa siku mbili hivi, na yeye alijua tangu mwanzo kwamba ubinafsi utarudi. Wakati huo hakuamini dini yoyote.

Basi upendo ulimtembelea kabla ya imani, kama vile wema ulivyomtuma kwa Erika Mann kabla ya imani. Lakini mgeni wa siku mbili hawezi kuwa msingi wa nyumba. Watu wa Yorkville nao walikuwa wameshikwa na hisia, tena hisia ya kuungana na wenzao. Na mtu anayesimama juu ya hisia yake hana la kumwambia mwingine asimamaye juu ya yake. Alichokipata Auden mwaka 1940 ni jambo la kushika katika siku ambazo mgeni hayupo. Wasemao katika Afrika Mashariki kwamba mtu ni utu wamesema neno kubwa, lakini nalo lina mlango ambao uovu huweza kupitia: mwenye nguvu hutangaza kwamba fulani hana utu, kisha humtenda kama mnyama huku akiusifu utu. Manazi walifanya hivyo hasa. Amri isiyomruhusu mtu kuchagua jirani yake huufunga mlango huo, au walau humnyima mvunjaji udhuru.

Kuhusu pingamizi ya kwanza, jibu bora la Auden halimo katika insha zake. Limo katika utungo mrefu wa Krismasi alioutunga mwaka 1941 na 1942, ukatoka mwaka 1944 kwa kumbukumbu ya mama yake aliyefariki Agosti 1941. Kama imani ingalikuwa kwake fimbo ya kumpigia adui tu, Herode katika utungo huu angalifanywa Hitler: mkali, mwenye kelele na damu mikononi. Auden alifanya kinyume. Herode wake asema kwa nathari tulivu, kama mtawala msomi apangaye hesabu za mwaka. Ameleta usalama barabarani, amepunguza ushirikina, ataka kila mtu awe na raha. Anaogopa kwamba mtoto aliyezaliwa akiachwa hai, akili itashindwa na njozi, na haki itaporomoka na kuwa huruma tupu. Kwa hiyo, kwa masikitiko, na baada ya kutafakari sana, anawaita askari. Mwishowe ajihurumia mwenyewe, kwa kuwa yeye hakutaka mambo yawe hivi.

Sura hii ndiyo iliyo bora kuliko zote katika utungo ule, na thamani yake ni ya kimaadili na ya kifasihi pamoja. Msomaji hucheka na Herode, hukubaliana naye, kisha hujikuta amekwisha kukubali watoto wauawe. Herode ni Auden wa 1937, mwenye kuhesabu mauaji kuwa sehemu ya mpango. Ni rafiki zake wote wapendao watu kwa jumla. Ni msomaji aliyekaa kitini. Msingi uliotafutwa ili kumhukumu mwingine umemhukumu mjenzi wake kwanza, na hapo ndipo imani inapoacha kuwa silaha. Hoja hiyo haithibitishi kwamba Mungu yupo, wala Auden hakudai hivyo. Yaonyesha tu kwamba kile alichokirudia hakikuwa kile ambacho angalijichongea kwa faida yake.

Hata hivyo, isemwe kwamba si kila alichokitenda Auden kwa jina la ukweli kilikuwa na faida kwa ushairi. Utungo wa Krismasi una kurasa ambamo mafundisho yanasemwa na watu wasio na nyama wala damu, na hotuba ya mzee Simeoni yafaa zaidi kusomwa darasani kuliko kusikika. Kulitupa shairi zima la tarehe mosi Septemba kwa sababu ya mstari mmoja ni hukumu iliyopita kiasi. Beti zinazosimulia hofu ya watu wa kilabuni, walioshika taa na muziki ili wasione giza, ni za kweli kabisa. Na wasomaji hawakumtii. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001 mjini New York, miaka 28 baada ya mshairi kufa, shairi lile lilipitishwa mkono kwa mkono na kusomwa kila mahali, pamoja na ule mstari alioukana.

Labda wasomaji wale walihitaji faraja, na mstari ule hufariji. Lakini atakayeusoma akiwa na habari za mwendo mzima wa Auden ataona kwamba aliuondoa kwa sababu ulikuwa umempa msomaji wema kwa bei rahisi. Alitaka neno la wajibu lisimame bila ya kuahidi uhai kwa anayelitii, na kwa miaka thelathini na zaidi aliyoishi baada ya 1940 alikubali kupoteza shairi lake lililopendwa kuliko yote ili neno hilo lisighushiwe.